Baridi Niliyoiita Piko

Mdomo wangu haujawahi kunisaidia. Mama yangu mzazi alikuwa akisema mimi nikikasirika naongea kwanza, sababu natafuta baadaye. Watu walicheka na mimi nilicheka nao, kwa sababu mtu mkali husifiwa pia, husemwa ana msimamo. Nimeishi na sifa hiyo miaka mingi hapa Kilosa nikiwa mhudumu wa afya wa jamii, yule anayepita nyumba kwa nyumba na begi mgongoni akiuliza nani mjamzito, nani anaharisha, kadi ya mtoto iko wapi. Si daktari wala nesi. Nilifundishwa wiki chache, nikapewa fulana na begi. Lakini watu huniita dokta, na sijawahi kumkatalia hata mmoja.

Haya ninayoyaeleza yalianza na stika. Mradi mmoja ulitukusanya Kilosa mjini, wahudumu wa kata mbalimbali, wakatukalisha kwenye viti vya plastiki, wakatupa soda, kisha wakatuonyesha kitu cha duara, kipana kama kifungo cha koti. Unakibandika kwenye ngozi ya mtoto mchanga, kifuani, chini kidogo ya kwapa. Mtoto akiwa na joto lake stika ni ya kijani, tena kijani kinachong'aa. Akipoa, inageuka nyeusi. Basi. Haina betri, haina waya, haikutaki usome namba. Mwalimu wetu alisema: ikiwa kijani, mwache alale, ikiwa nyeusi, mvue nguo, mlaze kifuani kwa mama yake ngozi kwa ngozi, mfunike, muende kituoni. Akatuambia watoto njiti hufa kwa baridi hata huku kwetu kwenye jua kali, tena hufa kimya, bila kulia. Tulirudia maneno yake kwa sauti kama chekechea mpaka yakakaa.

Nilizipenda zile stika kupita kiasi. Miaka yote ya kazi nilikuwa nikiingia majumbani na maneno matupu, mtu ananisikiliza huku anapepeta mchele. Sasa nilikuwa na kitu. Nikikibandika, nyumba nzima inanyamaza.

Shida ilikuwa wanja. Kwetu mtoto mchanga hawekwi mbele ya wageni bila doa la wanja, kwenye paji la uso au unyayoni, ili jicho la mwenye husuda liangukie pale kwenye doa, limwache mtoto. Sasa bibi anaona mjukuu wake amebandikwa kitu kinachong'aa kifuani. Kwa akili yake, hapo wenye macho mabaya wamepigiwa ngoma kabisa. Anachukua wanja anakipaka juu, kinatulia. Mwezi wa kwanza nilikutana na mabibi watatu waliofanya hivyo, na wote nilifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya kula huku nikiwafokea. Kwenye kikao cha mradi niliwaigiza, mmoja baada ya mwingine, sauti zao na jinsi wanavyoinama. Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nikaonekana mtu ninayewajua mabibi na ninayewaweza.

Nyumba yenyewe iko Kimamba, ng'ambo ya reli, ukielekea kwenye mashamba ya zamani ya mkonge. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, mjane, mkulima wa mahindi na ufuta, mtu wa sala tano, ambaye kwa umri angeweza kunizaa. Mwanawe yuko kwenye kazi za miwa huko Kilombero. Mke wa mwanawe, binti mdogo wa Magole, alijifungua kabla ya siku zake. Mtoto wa kike, mwepesi hata ukimbeba unahisi umebeba nguo tu. Baada ya siku kadhaa hospitali waliruhusiwa, na stika ikiwa imebandikwa.

Mara ya kwanza nilipokwenda nilikuta wanja katikati ya stika. Naapa siku ile nilikuwa mpole. Nilimwamkia yule mama mzee, nikakaa, nikamweleza kijani ni nini na nyeusi ni nini, na kwa nini wanja ukikaa pale tutashindwa kujua. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza swali ambalo kwenye semina nzima hakuna aliyeuliza.

"Sasa mwanangu, hicho kinajua joto la mtoto tu, au hata la mtu mzima?"

"La yeyote, mama. Ngozi ni ngozi."

Akaitikia kwa kichwa. Akafuta wanja mwenyewe, akampaka mtoto unyayoni, akanifunulia mguu nione. "Hapa hakuna ubaya?" Nikasema hapana. "Basi kifuani sitapaka tena," akasema, na nikaondoka nimefurahi.

Siku tano baadaye ilikuwa mvua, ile ya masika isiyotaka kukata. Nilikuwa nimetoka asubuhi, ndala imekatika kwenye tope, nyumba mbili nilizopita hawakunifungulia, na nyumba nne zilikuwa bado zinaningoja. Hasira nilikuja nayo kutoka njiani. Nasema hivyo si kwa kujitetea.

Sebuleni nilikuta wakwe. Mama yake yule binti alikuwa amekuja kutoka Magole na dada zake wawili kumwona mjukuu kwa mara ya kwanza, na kuku na unga na furaha zao. Walikuwa wametoka kwenye harusi wiki ile, mikono yao imechorwa piko, ile rangi nyeusi isiyofutika, hadi kwenye viganja. Mtoto alikuwa ameogeshwa, akavalishwa gauni jeupe la lasi, jepesi, anapita kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Mama yake alikuwa amelala chumbani, matiti yamejaa na ana homa. Bibi mwenye nyumba alikuwa uani anawapikia wakwe zake.

Nilimchukua mtoto, nikafunua gauni. Stika ilikuwa nyeusi tii.

Sikutoa shikamoo. Wala sikuwasalimu wageni. Nilipaza sauti kuelekea uani.

"Mama, nilikuambia nini?"

Akaja anafuta mikono kwenye khanga. "Kuhusu nini, mwanangu?"

"Hii nyeusi ni nini?"

Akainama, akatazama. "Mimi sijapaka kitu hapo. Wanja wangu uko unyayoni, tazama."

"Unanibishia na mimi naona?"

Nilitoa kitambaa changu chenye mafuta nikafuta. Haikutoka. Nikasugua, mtoto akakunja uso bila kulia. Haikutoka. Hapo ndipo macho yangu yalipoangukia mikono ya wale wageni, na kila kitu kikajipanga kichwani mwangu vizuri sana. Nikasema, "Kumbe safari hii umetafuta piko. Umeona wanja unafutika, ukatafuta kisichofutika."

"Wallahi sijapaka."

"Usimtaje Mungu kwenye uongo," nikamwambia. Mama wa umri ule. Halafu nikasema neno ambalo hadi leo nikilikumbuka nikiwa peke yangu jikoni natamani kujiziba masikio. Nilimwambia, "Wewe ni mtu mzima hovyo." Mbele ya wakwe zake, ndani ya nyumba yake, chungu chao kikiwa bado jikoni.

Wale wageni waliangalia mkeka. Bibi alirudi nyuma hatua moja, akajifunika khanga kichwani vizuri, akasimama pale.

Mikono yangu ilikuwa imelowa mvua na baridi. Nilimshika mtoto kifuani, tumboni, miguuni, na sikuhisi chochote, kwa sababu mimi na yeye tulikuwa baridi sawasawa. Hata hilo halikunigutusha. Nilibandua ile stika nikaitupa mkekani. Kwenye begi nilikuwa na nyingine mbili. Hilo sikumwambia nesi, sikuliandika kwenye ripoti, na mume wangu nilimwambia mwaka huu. Nilikuwa nazo mbili, na sikubandika hata moja, kwa sababu nilitaka kumkomesha.

"Stika zangu si za kuchezea," nikasema. "Nitaleta nyingine kesho, nikipenda."

Kesho yake sikwenda. Kesho kutwa pia sikwenda. Nilikuwa nangoja waje kuniomba.

Siku ya tatu nesi mmoja wa hospitalini alinipigia simu. "Hongera dokta," akasema. "Yule njiti wa Kimamba stika yako imemwokoa. Alifika amepoa, lakini bibi yake alikuwa amemfunga kifuani barabara kabisa. Umewafundisha vizuri." Nilishukuru. Nilipokata simu nilikaa chini sakafuni.

Nilikwenda. Nilimkuta bibi kwenye kiti cha mbao kando ya kitanda cha mkwewe, mtoto yuko ndani ya nguo zake, kichwa tu ndicho kinaonekana chini ya kidevu chake. Safari hii niliamkia, tena kwa kupiga goti. Akaitikia marahaba ya chini. Nikamwuliza ilikuwaje, naye akanieleza bila kuongeza chumvi.

Wakwe zake waliondoka mapema siku ile, wakisema wanaogopa barabara ya Dumila kuharibika. Chakula walikigusa tu. Aliwasindikiza hadi barabarani, wakaagana bila maneno mengi. Aliporudi alikuta stika mkekani, bado nyeusi. Akaiokota.

"Nikakumbuka ulivyosema ngozi ni ngozi," akaniambia. "Nikaiweka kwapani kwangu, nikakaa. Nilipoitoa ilikuwa kijani. Piko haigeuki kijani, mwanangu."

Akamvua mtoto lile gauni la lasi, akamlaza kifuani, akajifunga khanga tatu, akamwamsha mkwe wake, wakapanda bodaboda kwenye mvua. Kituoni wakawapeleka Kilosa kwa gari la wagonjwa.

Nikasema, "Pole, mama." Ndilo nililopata. Nesi akaingia akasema tusimame kidogo apige picha ya kumbukumbu ya mradi, bibi, mtoto na dokta wao. Kwenye picha ile nimetabasamu, meno yote nje.

Sasa nieleze ubaya ulipokuwa, maana mtu anaweza kusema mtoto si alipona, yaishe. Siku ya kuruhusiwa, mama yake yule binti alikuja na gari la kukodi akawachukua binti na mtoto moja kwa moja hadi Magole. Akasema mjukuu wake hawezi kulelewa na mtu anayempaka mtoto madawa yake, anaambiwa na wataalamu hasikii. Binti alijaribu kumweleza mama yake kilichotokea. Mama yake akamjibu, "Unamtetea mama mkwe wako. Dokta mwenyewe nilimwona kwa macho yangu akifuta piko." Mume wa binti yuko mbali kwenye miwa, na kwa simu akaona bora amani. Haya yote niliyapata kwa jirani, mwanamke mmoja wa Kimamba anayeniuzia mchicha, aliyenisimulia akidhani ananiletea habari za watu wengine.

Kwa hiyo nilijua. Nilijua kwamba sentensi moja yangu ingemrudishia yule mama mjukuu wake, na kwamba hakuna mwingine duniani ambaye sentensi yake ingetosha. Miezi ilipita nayo ikiwa mdomoni. Mimi niliyekuwa siwezi kufunga mdomo.

Kisha mradi ukatuita Mikumi. Ukumbi wa hoteli moja kando ya barabara kuu, malori yanapunguza mwendo kwenye matuta, unasikia breki zao kila dakika. Nilikuwa nimeambiwa nijiandae kusimulia kisa changu cha mafanikio. Ripoti ilikuwa imepanda ngazi kwa ngazi, na kila ilipopanda mimi nilikuwa mwerevu zaidi. Usiku wa kuamkia siku ile nilijiambia nitasema kweli. Nilijiambia hivyo na asubuhi pia nikinywa chai.

Niliposhika kipaza sauti nikaona nyuso zile zote zimenigeukia, wakubwa wa mradi, madaktari, wahudumu wenzangu wanaojua kwamba mimi ndiye ninayewaweza mabibi. Nikaanza na wanja. Nikaigiza. Ukumbi ukacheka, na kicheko kile kikanipeleka kama mtu aliyesukumwa mteremkoni. Nikasema nilifika siku ya mvua nikakuta stika nyeusi. Nikasema bibi mmoja mbishi alikuwa ameng'ang'ania mambo yake. Nikasema nilitambua mara moja kuwa ni baridi, nikamwagiza amweke mtoto kifuani.

Katikati ya maneno hayo ndipo nilipowaona. Mradi ulikuwa umetuandalia jambo la kushtukiza, wakaenda kuwaleta. Safu ya tatu, upande wa dirisha: yule binti, mama yake wa Magole akiwa amempakata mtoto, mkubwa sasa, ana mashavu. Na viti viwili vitupu, halafu yule mama mzee wa Kimamba, peke yake, amevaa khanga mpya ambazo bado zina mikunjo ya dukani. Alikuwa ananitazama bila hasira yoyote. Alikuwa anangoja.

Mtu mwenye heshima angenyamaza pale. Mimi niliendelea mpaka mwisho, nikaweka na mzaha mwingine.

Walipiga makofi. Mkubwa mmoja akasema, na sasa tunaye bibi mwenyewe, tumsikie naye. Akapelekewa kipaza sauti. Nilishika ukingo wa meza. Alisimama taratibu, akasema, "Mimi sina neno. Mtoto yupo, namshukuru Mungu." Akakaa. Wakapiga makofi tena, wengine wakicheka kwa upendo, kama watu wanavyomcheka mtoto aliyesema kitu kizuri. Nami nikapewa zawadi yangu, baiskeli mpya yenye kikapu mbele.

Wale wa Magole walipandishwa basi la Morogoro. Mimi na bibi tuliwekwa kwenye gari la mradi kurudi Kilosa, baiskeli imefungwa juu. Nje kidogo ya Mikumi dereva alisimama kungoja nyani wavuke, akatania kwamba nyani haoni kundule. Tulikwenda mwendo mrefu kabla sijathubutu kuuliza.

"Mama, mbona hukusema?"

"Nilikuja nikijua utasema wewe. Walipokuja kunichukua wakaniambia dokta ataeleza yote, na wakwe zako watakuwepo. Nikanunua khanga." Akazikunja zile pindo mapajani. "Muungwana akivuliwa nguo huchutama, mwanangu. Siku ile ulinivua, nikachutama. Leo nimekuangalia wewe. Ulikuwa uchi, na umesimama."

Hakusema kwa ukali. Laiti angesema kwa ukali ningejua la kufanya, kwenye ukali mimi ni mwenyeji. Nilijifunika uso kwa mikono nikalia hadi tulipoingia Kilosa, na yeye alinipa pindo la khanga yake nipangusie, ile mpya.

Siku ya tatu nilipanda gari la Dumila, nikashuka Magole. Baiskeli niliiacha ndani imeegemea ukuta. Nilimkuta yule mama uani anapukuchua mahindi, mjukuu amekaa kwenye khanga pembeni anacheza na gunzi. Alinipokea kwa heshima zote, dokta karibu, dokta maji. Nikakataa kiti. Nikamweleza nikiwa nimesimama: kwamba hapakuwa na piko, kwamba mama wa Kimamba hakupaka kitu, kwamba mtoto alikuwa amepoa na mimi ndiye niliyemwacha apoe, nikiwa na stika mbili kwenye begi.

Alinisikiliza huku punje zinadondoka kwenye ungo. Kisha akauliza, "Na juzi Mikumi ulisema nini?"

"Nilidanganya."

"Ulidanganya mbele ya watu wote wale wenye elimu."

"Ndiyo."

"Basi mtu aliyeweza kuudanganya ukumbi mzima, mimi nitajuaje hanidanganyi uani kwangu? Pengine yule mzee amekulilia, ukamwonea huruma." Akachukua gunzi jingine. "Nilikuona ukifuta. Haikutoka. Kitu cha rangi nyeusi kisichotoka kwa mafuta ni nini kama si piko?"

Njia ya mwongo fupi, nilikuwa nimefika mwisho wake. Sikuwa na neno hata moja lililobaki na thamani. Nikafungua begi. Nilitoa stika, nikaiingiza kwapani kwangu mbele yake, nikakaa sasa, chini, tukangoja. Nikaitoa ikiwa kijani, nikampa. Halafu nikamwomba aibandike mwenyewe kwenye mtungi wa maji uliokuwa kivulini. Akabandika. Ikafifia, ikawa nyeusi huku anaitazama. Nikamwomba mafuta. Akaleta, akachovya kidole chake, akasugua. Akasugua tena kwa nguvu, mdomo ameuma. Haikutoka. Akaibandua, akaiweka kwapani kwake, akageuka upande, akangoja kama nilivyongoja mimi.

Alipoitoa hakunionyesha. Aliiangalia tu kiganjani, pale piko ya harusi ilipokuwa siku ile.

"Alikuwa baridi mikononi mwangu," akasema. "Mimi ndiye niliyemwogesha. Mimi ndiye niliyemvalisha lile gauni." Hakuniambia neno lolote baya. Alimwita binti yake, akamwambia afungashe nguo za mtoto.

Tulifika Kimamba alasiri, sisi watatu na mtoto. Bibi alikuwa anaanika ufuta. Alipotuona aliacha, akajifunika khanga vizuri, akasimama vilevile kama siku ile. Yule mama wa Magole ndiye aliyetangulia, akampa mtoto bila maelezo, na bibi akampokea. Mtoto hakumjua, akaanza kulia. Bibi akafungua kifungo cha juu cha gauni lake, akamlaza pale kifuani, ngozi kwa ngozi, mtoto mkubwa ambaye hana haja tena, akamtikisa mpaka akanyamaza.

Mimi nilipiga goti kwenye mchanga na ufuta. "Shikamoo, mama."

Hakuitikia haraka. Wale wengine walikuwa wamekwisha kuingia ndani, nasikia vikombe. Magoti yaliniuma, na nilitaka yaume.

"Marahaba," akasema mwishowe. "Asante kwa kwenda Magole." Kisha akauliza, "Na wale wa Mikumi je?"

Wale wa Mikumi wanaitumia hadithi yangu kufundishia. Wiki ile ile mhudumu mpya alikuwa amenipigia kuniambia kwa fahari jinsi alivyomkomesha bibi mmoja wa Msowero. Nilimpongeza.

"Nitawaambia, mama," nikasema.

Akamfunika mtoto mgongo kwa pindo la khanga, akanitazama kwa upole uleule wa kwenye gari.

"Hata stika," akasema, "ulisema utaleta kesho."